Kipanya cha Gemu kwa Hela ya Boom: Namna ya Kukipima Kabla Hujalipa

Wanachuo wenzangu, mwaka wa pili nilinunua kipanya cha kompyuta pale Mwanjelwa kwa shilingi 25,000. Boksi lilikuwa na picha ya joka linatema moto, neno la Kiingereza la gemu kwa herufi kubwa, na namba nyekundu: 7200 DPI. Muuzaji akaniambia, "Dogo, hiki ndicho wanachotumia wenyewe." Sikuuliza wenyewe ni akina nani. Kilikuwa kinawaka taa za rangi saba, nikalipa.

Miezi minne baadaye, usiku wa kuamkia siku ya kukusanya michoro, kitufe cha kushoto kikaanza kubofya mara mbili kila nilipobofya mara moja. Ukiwa unaandika Word hilo ni usumbufu tu. Ukiwa kwenye AutoCAD ni balaa. Nikigusa bloku la mlango ili nilisogeze, linafunguka dirisha la kulihariri. Nikianza mstari, unaishia palepale ulipoanzia. Nikivuta kitu, kinadondoka katikati ya safari. Saa tisa usiku nilikuwa nachora kwa kidole kwenye padi ya laptopu, baridi ya Juni ya Mbeya unaijua, vidole vimekakamaa. Nilikusanya kwa kuchelewa saa mbili, alama zikakatwa, na hapo sina wa kumlaumu. Kanuni ilikuwa imebandikwa.

Niliumia zaidi nilipopiga hesabu. Boom la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kile kipanya kilikula siku mbili na nusu za kula, na nilikichagua kwa sababu ya picha ya joka. Ndiyo maana likizo iliyofuata nilikaa chini nikajifunza kupima kipanya kama tunavyofundishwa kupima vitu vingine: kwa rula, kwa kuhesabu, na kwa kurudia. Haya hapa ndiyo niliyoyapata.

Kwanza jina, maana lugha yetu nayo inachanganya. Wengine huandika puku, wengine kipanya, mtaani tunasema mausi. Ukimwambia konda "kipanya" atadhani unazungumzia Hiace. Mimi nitatumia kipanya. Chombo chenyewe kilitoka kwa Douglas Engelbart na mwenzake Bill English kule California miaka ya 1960. Cha kwanza kilikuwa kibao cha mti chenye magurudumu mawili chini, na watu walikiona hadharani Desemba 1968. Waya uliotoka kwenye kibao ulifanana na mkia, jina likaja lenyewe. Leo magurudumu hayapo. Chini kuna taa na kamera ndogo sana inayopiga picha za uso wa meza maelfu ya mara kwa sekunde, kisha inalinganisha picha na picha ili ijue umesogea wapi na kiasi gani. Kamera hiyo na kichakato chake ndiyo sensa. Shika hapo, maana mengi yanayofuata yanatoka kwenye sensa.

DPI ni idadi ya hatua ambazo kipanya kinaripoti ukikisogeza inchi moja, yaani sentimita 2.54. Kipanya cha 800 DPI kikisogea inchi moja, kielekezi kinakwenda pikseli 800, ikiwa Windows haijaingilia kati. Basi. Haina uhusiano na "nguvu", wala "usahihi" kama wauzaji wanavyodai. Laptopu zetu nyingi hizi za mkono wa pili zina kioo cha pikseli 1366 kwa upana. Piga hesabu: 7200 DPI maana yake ukisogeza mkono chini ya milimita 5 kielekezi kimeshavuka kioo chote. Nani anahitaji hiyo? Ukikohoa tu kimefika ukutani.

Lakini namba hiyo ina faida moja kwetu. Inapimika, kwa hiyo inatuonyesha nani anadanganya.

Fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio ya kipanya ya Windows, ondoa tiki kwenye kisanduku cha Enhance pointer precision, na uache kasi ya kielekezi katikati kabisa, alama ya 6 kati ya 11. Laza rula ya darasani mezani na uweke kipanya kando yake kama gari kando ya ukingo wa barabara. Fungua Paint, ambayo chini inakuonyesha namba ya pikseli ulipo. Sogeza kipanya sentimita 2.54 sawasawa, soma tofauti ya namba. Rudia mara kumi, chukua wastani. Kwa kipanya cha DPI kubwa fanya kinyume: pima ni milimita ngapi zinahitajika ili kielekezi kitoke ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine.

Kile changu cha joka nilikiweka kwenye ngazi ya juu kabisa, ile ya 7200. Ilitakiwa milimita 5 ziishe mchezo. Zikahitajika 14. Gawanya pikseli 1366 kwa milimita 14, zidisha kwa 25.4, unapata karibu 2,480. Theluthi moja ya namba ya kwenye boksi! Na siku zote nilikuwa natamba bwenini.

Likizo nikapanda basi kwenda Iringa. Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, nikashuka Ipogolo, nikapanda daladala kukwea kile kilima hadi mjini. Binamu yangu anasoma Mkwawa, na ni mtu wa gemu kwelikweli. Aliponifungulia mlango wa geto alisema "Kamwene!" halafu bila hata kuuliza habari za nyumbani akauliza, "Umekuja na joka lako?" Yeye anatumia Logitech G102, ambayo kwingine duniani inauzwa kwa jina la G203. Alikinunua shilingi 65,000 kwa hela ya kusaidia kukusanya mahindi kwa mjomba Ilula. Tukaviweka vyote viwili mezani, tukafunga mlango, tukaanza kazi.

G102 karatasi yake inasema hivi: DPI hadi 8,000, vitufe sita, uzito gramu 85 bila waya, waya wa mita 2.1, na inaripoti kwa kompyuta mara 1,000 kwa sekunde. Tulikiweka kwenye 800 tukapima kwa rula. Mara kumi, wastani 792. Tofauti hiyo ya asilimia moja naiweka kwenye mkono wangu na rula ya plastiki, siyo kwenye kipanya.

Halafu tukafanya jaribio ambalo naliona bora kuliko yote, na linahitaji gemu ya kulenga shabaha tu. Binamu ana Counter-Strike 1.6 ya tangu enzi hizo. Simama mbele ya ukuta, lenga alama moja, mfano kona ya dirisha. Weka kitabu kizito mezani kiwe kizuizi na ukibananishe kipanya kwenye kitabu. Sasa sogeza kipanya kulia polepole mpaka mkono ufike mwisho, kisha kirudishe kushoto kwa kasi yako yote hadi kigonge kitabu. Shabaha imerudi kwenye kona ya dirisha? Sensa ikiwa nzuri, inarudi hapohapo au karibu sana. Ikiwa mbovu, mwendo wa kasi inaupoteza, maana picha mbili zinazofuatana hazina kitu cha kufanana tena, inabaki inabahatisha. Kwenye gemu utafanya hivi kwa sababu shabaha inazunguka bila mwisho. Kwenye Paint kielekezi kingegota ukingo wa kioo na kipimo kikaharibika.

G102 ilirudi kwenye kona mara zote ishirini. Joka langu lilirudi mara sita. Mara nyingine nilijikuta natazama dari.

Binamu alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi sikucheka, maana nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nauawa kwenye gemu za bwenini nikisema "mtandao, mtandao", na hizo zilikuwa gemu za waya wa LAN, mtandao haukuhusika kabisa.

Tukiwa kwenye kasi, kuna namba nyingine wanayoipenda sana wauzaji: Hz za kuripoti. Kipanya cha kawaida cha ofisini kinaripoti mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Cha gemu mara 1,000, kila milisekunde 1. Umeokoa milisekunde 7 kwa wingi kabisa. Sasa tazama vinavyofuata kwenye mnyororo. Kioo cha laptopu cha Hz 60 kinabadilisha picha kila milisekunde 16.7. Ukicheza mtandaoni, mfano Counter-Strike 2 kwenye seva za Johannesburg, data yako inatoka Mbeya, inaufuata mkongo wa taifa mpaka pwani, inaingia nyaya za chini ya bahari, inashuka kusini na kurudi. Milisekunde zake ni nyingi kuliko hizo 7 mara kadhaa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, nchi nzima tulijua nani ana mamlaka juu ya kasi yetu, na siyo kipanya. Kwa hiyo ukicheza kwenye LAN na una kioo cha kasi, Hz 1,000 utazihisi. Ukicheza mtandaoni kwa bando la simu, usilipe hata elfu tano ya ziada kwa ajili yake.

Sasa vitufe, ambavyo ndivyo vilivyonitia aibu. Chini ya kila kitufe kuna swichi ndogo yenye ulimi wa shaba. Ukibonyeza, ulimi unagusa chuma, lakini haugusi mara moja ukatulia. Unadunda kidogo kama mpira kabla ya kukaa. Kompyuta ingeweza kuhesabu kila mdundo kuwa bofyo, kwa hiyo kipanya huagizwa kusubiri milisekunde chache kabla ya kuamini. Ulimi ukichoka, au uso wake ukishika kutu na vumbi, midundo inakuwa mirefu kuliko ule muda wa kusubiri. Hapo bofyo moja linakuwa mawili. Watengenezaji huandika swichi itadumu mabofyo milioni 10 au zaidi. Ukibofya mara 5,000 kila siku, hiyo ni siku 2,000, miaka mitano na nusu, umeshamaliza chuo na umepata kazi, Mungu akijalia. Yangu ilidumu miezi minne. Kwa hiyo usisome milioni hizo kama dhamana; jaribu swichi iliyo mkononi mwako.

Dukani unahitaji dakika mbili tu. Omba wachomeke kipanya kwenye kompyuta yao. Bofya folda mara moja, tulia, bofya tena, mara hamsini. Ikifunguka hata mara moja bila wewe kutaka, rudisha. Kisha shika faili, livute kuzunguka kioo chote bila kuachia kitufe, mara ishirini, likidondoka, rudisha. Fanya hivyo pia kwa kitufe cha kulia. Na gurudumu: lizungushe chini taratibu kwenye ukurasa mrefu uone kama ukurasa unaruka kurudi juu. Muuzaji akikasirika na kusema "Dada, unanimalizia kipanya," mwambie kwa upole kwamba hela ni ya mkopo. Wengi wanaelewa, hata wao wana wadogo zao chuoni.

Gurudumu nalitaja kwa sababu wanaotathmini vipanya vya gemu wanalipita haraka, wakati sisi wa michoro tunaishi juu yake. AutoCAD unalibonyeza na kulishikilia ili kusogeza karatasi, unalizungusha kukuza na kupunguza. Siku ya kazi unalibonyeza mamia ya mara. Likiwa gumu, kidole cha kati kinauma. Likiwa laini mno, unabonyeza na huku limezunguka, mchoro unaruka. La G102 lina vijino unavyovihisi na kubonyea kwake ni kwa kati, mimi lilinifaa. Vile vitufe viwili vya ubavuni nilidhani ni vya wacheza gemu tu, kumbe kwenye kivinjari vinarudi nyuma na mbele. Ukiwa unasoma makala kumi za tasnifu vinakuzoeza vibaya, ukirudi kwenye kipanya cha maabara unabonyeza hewa. Ila angalizo kwa wanaotumia mkono wa kushoto: umbo la G102 liko sawa pande zote, lakini vitufe hivyo viko kushoto tu, upande wa kidole gumba cha mkono wa kulia. Rafiki yetu mmoja wa kushoto alikijaribu akasema kinashikika vizuri, ila vitufe viwili kwake ni mapambo.

Ukubwa wa mkono nao usipuuze. G102 ina urefu wa milimita 116.6, ni ndogo. Mkono wangu kutoka kiwiko cha kiganja hadi ncha ya kidole cha kati ni sentimita 18, nalaza vidole vimekunjika kidogo na ninastarehe. Binamu ana mkono kama sahani, na akitaka kulaza kiganja chote, nyuma kinabaki kinaning'inia. Yeye amezoea kukishika kwa ncha za vidole na kwa gemu anaona ni sawa, lakini akiandika takwimu zake za utafiti kwa saa nne kifundo kinamuuma. Hapo hakuna kipanya cha kukuokoa peke yake. Weka kipanya usawa wa kibodi, sogeza mkono kutoka kwenye kiwiko badala ya kukunja kifundo, simama kila baada ya muda. Ganzi ikianza kwenye kidole gumba na vile viwili vinavyofuata, hasa usiku, nenda zahanati ya chuo, usisubiri mitihani iishe. Neva inayopita katikati ya kifundo ikibanwa muda mrefu haina utani.

Meza tulizijaribu kwa fujo, ilikuwa sehemu ya kufurahisha. Meza ya plastiki nyeupe: G102 sawa, joka linasitasita. Jalada la kaunta buku: vyote sawa. Kanga iliyokunjwa: G102 sawa, ila miguu ya chini inakwama kwenye nyuzi. Meza ya kioo sebuleni kwa shangazi: vyote viwili vimekufa, maana kamera haioni alama yoyote ya kulinganisha. Kwa hiyo kabla ya kusema kipanya ni kibovu, weka karatasi ya A4 chini yake. Usinunue pedi ya elfu kumi na tano wakati jalada la kaunta buku lipo.

Wenye kupenda visivyo na waya mtaniuliza. Ndugu yake G102 ni G304, sensa yake inafika 12,000 DPI, uzito gramu 99 pamoja na betri moja ya AA, na mtengenezaji anasema betri inakwenda hadi saa 250. Saa tano kwa siku, hiyo ni siku 50. Lakini namba hiyo ni ya betri nzuri ya alkalini. Ukitia ile ya redio ya kioski, siku 50 zisahau. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kile kipokeo kidogo kinafanya kazi kwenye GHz 2.4, na matundu ya USB 3, yale ya bluu, yakiwa na flashi au hadidiski inanakili data, hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Kielekezi kinaanza kugugumia, mtu anadhani kipanya kimekufa. Hamishia kipokeo upande wa pili wa laptopu, kwenye tundu la kawaida.

Na umeme ukikatika? Kipanya cha waya kinakula betri ya laptopu, kweli, ila tuhesabu. Chukua miliampea 100 kwa volti 5, ni nusu wati. Laptopu inayotumia wati 12 kwenye betri ya watisaa 40 inakaa dakika 200. Ongeza nusu wati, inakaa 192. Umepoteza dakika nane, na ukizima taa za rangi unarudishiwa sehemu yake. Zima taa tu bwana, chumba cha watu wanne mwenzako anataka kulala.

Maktaba ni kesi nyingine. Vipanya vya gemu vina mlio mkali kwa sababu swichi zake zimetengenezwa uhisi bofyo. G102 inasikika meza ya tatu. Kama kazi zako nyingi ni maktaba, na hujawahi kumfyatulia mtu risasi kwenye kompyuta maishani mwako, kipanya cha ofisini cha sensa nzuri na vitufe vya kimya kitakutosha kwa bei ya chini, na hakuna atakayekugeukia kwa jicho baya.

Mimi nilirudi Mbeya nikasubiri boom. Sikununua kipya. Kijana mmoja wa mwaka wa nne alikuwa anahitimu, anauza vitu vyake vya geto, na kwenye orodha, kati ya jiko la gesi na ndoo mbili, palikuwa na G102 ya mwaka mmoja kwa shilingi 40,000. Nilikwenda na rula, laptopu na kitabu cha mekanika kwa ajili ya kizuizi. Alinitazama nikibofya folda mara hamsini, akaniuliza kama ninasomea upelelezi. Gurudumu lilikuwa linaruka mara moja kwa kila mizunguko kama thelathini, nikamwonyesha, akashusha hadi 35,000. Siku tatu na nusu za kula. Nililipuliza vumbi gurudumu lile, nikaondoa uzi wa nywele uliojizungusha kwenye ekseli, likapona.

Lile joka nililipeleka kwa fundi redio pale Kabwe. Alilifungua, akang'oa swichi ya kushoto na kupachika nyingine aliyoitoa kwenye kipanya kilichokufa kwa ugonjwa tofauti, akachukua shilingi 3,000. Sasa analitumia dogo wa mwaka wa kwanza chumbani kwetu kwa Excel, na anasema linabofya vizuri. Kwenye ngazi ya juu bado ni 2,480. Nimemwandikia kwa mkapeni juu ya ile namba nyekundu.